Barua yangu ya mistari minne iliyofunga shule ya watoto wenye vipaji Garissa

Wakuu, asalaam aleikum. Na wale wa habari za jioni, nanyi nawasalimu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma, nacheka, natoka. Huu ndio uzi wangu wa kwanza, na nimeuandika kwa simu kwa siku nne. Atakayelalamika kwamba ni mrefu akumbuke kwamba mimi ndiye niliyeumia zaidi.

Majina nimebadilisha. Mengine yote yalinipata mimi mwenyewe, na mashahidi wengine bado wako hai hapa mjini.

Katikati ya miaka ya tisini Garissa ilipata shule ya ajabu ambayo ingenifikisha sekondari. Ilifungwa kabla ya kufikisha mwaka. Kuna wanaolaumu wafadhili, na kuna wanaolaumu wazee. Ukweli sijawahi kumwambia mtu. Niliifunga mimi, kwa barua ya mistari minne.

Nianze na hali yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tuliishi mtaa wa Iftin, mimi na hooyo, yaani mama, ambaye aliuza maziwa ya ngamia sokoni.

Shida yangu ilikuwa moja. Naandika polepole. Herufi zinanijia moja moja, kama ngamia wanaotoka zizini, na ukizisukuma zinarudi ndani zote. Mwalimu alipofuta ubao, mimi bado nilikuwa kwenye tarehe. Mdomo nao ulijaa aibu, kwa hiyo hata nilichokijua hakikutoka kwa njia yoyote.

Kwenye mtihani wa darasa la nane, insha yangu ilikuwa na sentensi tatu. Zote zilikuwa sahihi. Hakuna sekondari iliyonitaka.

Basi nikakaa nyumbani, nikawa nabeba vibuyu vya maziwa.

Ndipo akaja Madam Lotte.

Alitoka Ulaya. Alikuwa mrefu, uso umeungua na jua mpaka mwekundu, mtu wa kucheka na kila mtu. Alikodi jengo la zamani lililokuwa stoo ya ngozi, akalipaka rangi ya njano, akaandika mlangoni: KITUO CHA MTOTO MZIMA.

Wazee walisimama pale wakasoma. Mmoja akauliza, "Kwani hawa wetu ni nusu?"

Akaelezwa kwamba shule za kawaida zinafundisha kichwa peke yake, na hii itafundisha kichwa, moyo na mikono. Itachukua vijana wenye vipaji vikubwa na wale ambao akili zao zinajifunza kwa njia tofauti. Hakuna fimbo, hakuna kengele, kila mmoja anakwenda kwa mwendo wake.

Mzee akasema hiyo ni dugsi, ila bila fimbo. Dugsi ni chuo chetu cha Kurani. Pale kila mtoto ana ubao wake na aya yake, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Madam Lotte alikuwa amesoma miaka sita chuo kikuu ili aje kutuambia hilo.

Lakini nisimcheke sana. Nilimpenda yule mama.

Kazi ya kwanza ilikuwa fomu za wazazi. Swali la kwanza: mtoto wako ana kipaji gani? La pili: ana tatizo gani?

Aliyezijaza ni msaidizi wake, Mwalimu Mutua, kijana wa Kitui. Alikuwa ametoka "Kenya", kama tulivyosema wakati ule, maana sisi Garissa tuliihesabu Kenya kama nchi jirani.

Wazazi wakapanga foleni. Mtoto wako ana kipaji gani? Hana. Ana tatizo gani? Yote.

Fomu zote zilitoka hivyo. Kuna baba aliyemleta binti yake Sahra, msichana wa miaka kumi na mbili aliyeweza kuangalia nyayo mia za mbuzi na kukwambia mbuzi yupi ni wa nani. Baba akasema, "Huyu ni mzigo tu. Andika hana macho."

Wasiotoka huku hawataelewa bila maelezo.

Kwetu mtoto hasifiwi. Ukimsifu bila kusema mashaallah umemfungulia jicho baya mlango. Ikikuponyoka, unamtemea mate kidogo kichwani, tfu, jambo linaisha. Ndiyo maana mama mwenye mtoto mzuri atakwambia ana sura mbaya, na mwenye mtoto hodari atakwambia ni gogo. Kila mtu anaelewa maana yake.

Kila mtu isipokuwa Madam Lotte. Alituma ripoti kwao kwamba Garissa kuna janga la watoto wasio na kipaji hata kimoja. Walishtuka sana kule. Wakaleta gari la pili.

Na hooyo aliogopa jicho kuliko wengine wote. Kabla yangu alikuwa na mtoto, Yusuf. Alipofika miaka sita alikuwa amehifadhi sura nyingi kuliko vijana wakubwa. Siku moja akaja mgeni kutoka Habaswein, akamsikiliza, akasema hajaona mtoto mwenye akili kama huyu. Akamaliza chai yake akaondoka. Wiki ile ile Yusuf alizikwa.

Daktari alisema ni malaria. Hooyo habishani na daktari. Anasema tu kwamba hiyo malaria ilielekezwa nyumba.

Tangu nizaliwe sijasikia kinywani mwake neno moja zuri juu yangu. Nililelewa kwa "mjinga wewe, kula", "mjinga wewe, jifunike, kuna baridi".

Tuendelee.

Nilikubaliwa, pamoja na Sahra na wengine. Tukapewa mtihani wa kupima akili. Kulikuwa na mchoro wa ng'ombe: taja kinachokosekana. Jibu lilikuwa mkia. Sahra akasema hana chapa ya ukoo, na mkia umeliwa na fisi, kwa hiyo mchungaji alikuwa amelala. Akapewa sifuri.

Swali jingine: ukipotea msituni utafanya nini? Darasa zima tuliandika: sijawahi kupotea. Sifuri zote.

Halafu lilikuja fumbo la vipande, picha ya mlima wa theluji, weupe mtupu kutoka kona hadi kona. Mwalimu Mutua alilihangaikia wiki nzima akashindwa. Sahra akavigeuza vipande vyote, picha ikaangalia chini, akaangalia kingo tu, akalimaliza kabla ya sala ya adhuhuri.

Madam Lotte akaruka. "Sahra! Wewe ni ajabu! Wewe ni akili kubwa kabisa!" Akatoa stika ya nyota ya dhahabu, akambandika katikati ya paji la uso.

Ndio ulikuwa utaratibu wao. Mtoto asifiwe kila saa, kwa sauti, mbele ya wenzake. Sisi tulikuwa tunainamisha vichwa na kusoma dua kimoyomoyo.

Mimi alinipa penseli nene na daftari, akasema, "Andika. Muda ni wako." Hakuniharakisha. Nilikaa na sentensi moja asubuhi nzima na hakuna aliyenigusa. Siku ya tatu nilikuwa na ukurasa. Wakuu, nilikuwa sijawahi kuona ukurasa wangu mwenyewe umejaa.

Na akatuambia habari iliyoninyima usingizi kwa furaha. Wageni wa wafadhili watakuja kukagua. Wakiridhika, mwaka unaofuata kidato cha kwanza kitafunguliwa pale pale, na sisi tusiochukuliwa na sekondari ndio tutaanza, kila mtu kwa mwendo wake.

Nilitaka kidato cha kwanza kuliko nilivyotaka kitu chochote maishani.

Shida ilianzia langoni.

Watoto walirudi nyumbani na nyota kwenye paji la uso. Unaweza kufikiria. Ni kama kumwandikia mtoto tangazo: jicho, pita hapa. Kesho yake mama zetu walikuwa langoni, kila mmoja amemshika wa kwake.

Wa kwanza alikuwa hooyo, kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo p huwa b na v huwa f. "Madam, umesifu. Sasa tema mate. Haba, kichwani."

Madam Lotte akadhani hakusikia vizuri. Mwalimu Mutua akatafsiri. Akawa mwekundu zaidi. Akasema mate yana vijidudu, na ukutani kwake kuna hata picha inayoonyesha.

"Fijidudu fidogo tu," hooyo akamtuliza. "Tema."

Akakataa. Akajaribu kupuliza. Mama zetu wakatazamana, wakasema huo ni upepo, wanao wa kutosha.

Siku mbili baadaye Sahra akapata homa. Si kubwa, homa ya kawaida ya msimu, alipona. Lakini mama zetu hawakuhitaji ushahidi mwingine. Jumatatu tulibaki watatu darasani. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilimdanganya hooyo kwamba naenda dukani.

Madam Lotte alikaa kwenye ile kona aliyoiita kona ya utulivu, yenye mito na pazia la buluu, iliyokusudiwa watoto wanaozidiwa na kelele. Alikuwa peke yake mle ndani, na kelele haikuwepo. Wageni walibakiza wiki tatu.

Mwalimu Mutua alikuwa amejaribu kumweleza. Lakini naye aliona haya. Alimwambia kwa mzunguko mrefu kuhusu mila na desturi, mpaka Madam akaelewa kwamba wazazi wanataka sare za shule.

Basi nikaamua. Kusema siwezi, mnajua. Nikachukua lile daftari.

Barua ilinichukua siku mbili. Naikumbuka yote.

Madam, tafadhali usitusifu tena.
Ukitusifu mama zetu wanaogopa tutakufa.
Tuite wajinga, wao watafurahi na sisi tutajua.
Mimi nataka kufika kidato cha kwanza.

Niliiweka juu ya meza yake nikakimbia.

Aliisoma, akamwita Mwalimu Mutua, akamuuliza kama ni kweli. Mutua akasema ni kweli, kila neno. Wanasema akauliza, "Nitukane vipi?"

Nilisikiliza dirishani somo lake la kwanza, na sijasikia somo zuri kama lile.

"Wewe mjinga kidogo," Madam akasema.

"Hapana, Madam. Hiyo kidogo inaharibu. Mjinga kabisa."

"Wewe mjinga kabisa. Samahani."

"Toa samahani."

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Baada ya wiki moja alimkaribisha Sahra langoni kwa sauti iliyofika barabarani: "Sahra! Kichwa ya mbuzi! Umekuja kuniharibia siku tena?" Baba yake Sahra, aliyemsindikiza, alifurahi mpaka akamshika mkono Mwalimu Mutua kwa niaba ya shule nzima.

Nyota nazo hazikuachwa. Zilihamia chini ya kandambili. Ukifanya vizuri, Madam anakuja, anakuita takataka, unainua mguu, anabandika. Hakuna aliyeona isipokuwa ardhi.

Watoto wakarudi wote, na wengine wapya. Mama zetu wakaanza kumletea maziwa. Hooyo alisema yule mzungu sasa amepata adabu, analea watoto kama mtu aliyezaa.

Nami nikaandika insha ya kurasa mbili, mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza maishani. Ilihusu ngamia wa mjomba aliyekataa kuvuka daraja. Niliambiwa nitaisoma mbele ya wageni.

Siku ikafika.

Walikuwa wawili. Mzee mmoja mrefu aliyesinzia mapema tu, na mama mmoja mwenye faili la kijani. Huyo mama alikuwa amesoma Kiswahili chuoni kwao. Hilo hatukulitarajia. Madam Lotte mwenyewe hakulijua.

Wakakaa nyuma. Mama zetu walikaa kandokando ya ukuta, wamevaa vizuri.

Madam Lotte alikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hufanya alichokizoea. Na wazazi wote walikuwepo wakimwangalia. Akapiga makofi, akasema, "Haya, wajinga wangu! Nani hana akili leo?"

Mikono yote ikanyooka.

Kalamu ya yule mama wa faili ikasimama, halafu ikaanza kukimbia.

Sahra akapanga fumbo jipya, tena kinyume, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. "Upuuzi!" Madam akasema, macho yanang'aa. "Sijaona mtoto hafai kitu kama huyu!" Sahra akainua mguu, akiwa na furaha hadi masikioni.

Ikawa zamu yangu. Nilisimama, nikasoma kurasa mbili zote. Sikumbuki nilivyosoma. Nakumbuka nilipoinua macho Madam Lotte alikuwa analia.

"Mjinga," akaniambia. "Mjinga, mjinga, mjinga kabisa."

Wakuu, hata leo nikikumbuka kifua kinanijaa.

Yule mama alikuwa amejaza kurasa nne. Akainuka, akamfuata hooyo, kwa sababu alikuwa karibu.

"Mama, kijana wako anaendeleaje hapa?"

"Fibaya sana, alhamdulillahi."

"Mwalimu anamtendeaje?"

"Anamtukana kila siku. Hajakosa hata siku moja, Mungu amlinde."

"Na wewe unaridhika?"

"Sana."

Mwalimu Mutua akaruka katikati kueleza. Alieleza vizuri safari hii, jicho, mate, mpaka barua, ingawa jina langu hakulitaja. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hilo. Akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, labda nakuamini. Lakini mimi naandika kwa watu walio mbali." Akamgeukia hooyo tena. "Mama, nisaidie. Niambie kitu kimoja tu kizuri ambacho kijana wako anaweza kufanya. Kimoja. Nikiandika hapo kwamba mzazi amesema, nitakuwa na la kuwaonyesha."

Vichwa vyote vikamgeukia hooyo. Hata yule mzee akaamka.

Nilikuwa bado nimeshika zile kurasa. Hooyo hajui kusoma, lakini aliziangalia. Halafu akaangalia kichwa changu, kwa muda mrefu, na nilijua anamwona nani.

Alijua kidato cha kwanza ni nini. Nilikuwa nimemwambia kila siku, wakati wa kukamua na wakati wa kula.

"Mama, sema," Mwalimu Mutua akanong'ona. "Leo tu."

Hooyo akanivuta sikio akanisogeza nyuma yake, nisionekane.

"Hana kitu," akasema. "Hana hata kimoja. Mungu amwache hifyo hifyo."

Mimi simlaumu. Aliambiwa achague, akachagua niwe hai.

Barua ya kufunga ilikuja baada ya wiki mbili. Sababu ilikuwa lugha ya matusi kwa vijana wenye mahitaji maalum. Magari yote mawili yakaondoka. Baadaye likaja boksi la mabango yenye maneno MSIFU MTOTO WAKO LEO, likabandikwa moja kwenye ukuta wa njano. Mbuzi wa jirani alilila siku ya pili, na baba yake Sahra akasema yule mbuzi ni mjinga sana.

Kabla hajaondoka, Madam Lotte alikuja nyumbani Iftin. Hooyo akampa chai, akamwambia chai yenyewe mbaya na kiti kibovu. Akamwambia pia kwamba yeye Madam ni mwanamke asiyefaa, hajui kupika, hajui kufunga mtandio, na mji wote utapumzika akienda. Alisema hayo huku anajifuta machozi na ncha ya mtandio wake.

Madam Lotte alielewa kila kitu. Alikuwa amekuwa mtu wa kwetu, kwa kuchelewa wiki mbili.

Aliposimama kuaga, hooyo akamzuia mlangoni. Akanisogeza mbele yake.

"Sasa sema," akamwambia. "Mara moja. Bole bole, asisikie mtu."

Madam hakuamini. Akainama mpaka karibu na sikio langu.

"Unaandika vizuri," akasema.

"Tema," hooyo akamwambia hapo hapo.

Na Madam Lotte, mwenye picha ya vijidudu ukutani, akanitemea mate kichwani. Mengi tu. Hakutaka kubahatisha.

Sikuenda sekondari. Elimu yangu ni ya msingi mpaka leo. Sahra aliolewa kule Diff, ana biashara ya mizigo, na wenye malori wanasema hajawahi kusahau mzigo wa mtu. Hooyo ni mzee sasa. Jana aliniuliza siku zote hizi ninaandika nini kwenye simu. Nikamwambia. Akasema, "Mjinga wewe, macho yataumia."

Funzo nililopata ni dogo. Ukienda kwa watu na kitu kizuri, waulize kwanza wanaogopa nini. Na ukishapata jibu, wape habari hata wale waliokutuma, kabla hawajaja na faili. Mimi barua yangu niliandika moja. Zilihitajika mbili.

Sasa uwanja ni wenu. Wenye watoto wanaojifunza kwa njia yao, na wale mliosoma shule za majaribio enzi hizo, mlipitia nini?

Ila ukipendezwa na uzi huu, nakuomba usinisifu. Hooyo bado yuko hai. Niite mjinga, nitaelewa.